Ng'ombe wa Bibi Asiye na Wajomba

Mwaka 2017, wapima ardhi walipofika katika kijiji chetu upande wa Mvumi, wilayani Chamwino, mzee mmoja wa ukoo jirani alisimama mbele ya watu waliokusanyika chini ya mbuyu akasema maneno ambayo siku ile sikuyaelewa, ingawa nilimwona shangazi yangu akiinamisha kichwa na kuivuta kanga yake mpaka kwenye paji la uso. Alisema: "Kabla hamjawaandikia shamba hili, waulizeni wajomba wa bibi yao wako wapi." Hakutukana wala hakupaza sauti. Alikaa chini akaendelea kuchezea fimbo yake, na wapima ardhi, ambao walikuwa vijana wa mjini, walisubiri kidogo wakidhani kuna maneno mengine, kisha wakaandika kwamba eneo lile lina mgogoro na wakahamia kwa jirani.

Kwa msomaji asiye Mgogo swali lile linaweza kuonekana la kawaida tu. Kwetu, mahari ya binti haiingii katika zizi moja. Ng'ombe hugawanywa upande wa baba na upande wa mama, na kaka wa mama wa bibi harusi ana fungu lake ambalo watu wanaweza kulidai hata baada ya miaka mingi. Anayekosa mjomba, kwa hiyo, ni mtu ambaye mama yake hana kwao, na anayesema hivyo mbele ya watu kuhusu shamba lenu amekwisha kusema kwamba ninyi mliletwa.

Shamba lenyewe ni la bibi yangu mzaa baba, ambaye naye aliachiwa na bibi yake mzaa mama. Huyo wa mwisho ndiye ninayemwandikia habari hizi. Nyumbani tulimwita Bibi wa Mbuyuni. Jina aliloitwa na watu wa wakati wake ninalijua, lakini shangazi alinitaka nisiliandike popote, nami nilimwahidi. Kwa miaka mingi shamba lile halikuwa na thamani zaidi ya magunia ya uwele na karanga yaliyotoka humo katika mwaka wenye mvua. Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma haukulibadilisha chochote. Serikali ilipoanza kuhama kweli kweli mwaka 2016, ndipo watu waliokuwa wakipita pale na mbuzi wao walipoanza kupita na futi kamba.

Nimefanya kazi ya uhasibu miaka 31 kabla ya kustaafu, na nadhani ndiyo sababu nililichukua lile swali la wajomba kama ninavyolichukua daftari lenye pengo. Niliamini kwamba nikimtafuta Bibi wa Mbuyuni kwa utaratibu nitampata. Nilianza kwa shangazi, nikiwa na daftari jipya na simu ya kurekodia, nikaketi mbele yake kama karani wa sensa na kumuuliza: alizaliwa wapi, baba yake nani, aliolewa mwaka gani. Shangazi, ambaye alizaliwa miaka ya thelathini na hakuwahi kukosa la kusema maishani mwake, alinitazama kwa muda, akasema, "Alikuwa binti wa mtemi. Andika hivyo." Nikaandika hivyo. Ninaona aibu kidogo kusema kwamba sentensi ile ilinigharimu miezi minane.

Katika miezi hiyo nilikwenda Dar es Salaam na kurudi, nikasoma nakala za madaftari ya wilaya yaliyoandikwa wakati wa Waingereza, nikanakili nasaba za watemi mmoja baada ya mwingine. Nasaba zile ni za wanaume tu: fulani alimzaa fulani, fulani alimrithi fulani, huyu aliondolewa, yule alikufa vitani. Binti wa mtemi hutokea pale tu alipoolewa na mtemi mwingine, na hata hapo huandikwa "binti wa" bila jina. Nilitafuta pia katika habari za wamisionari wa Kiingereza waliofika Mpwapwa miaka ya 1870, lakini Bibi wa Mbuyuni hakuwahi kubatizwa, na asiyebatizwa hakuingia katika vitabu vyao isipokuwa kama kero au kama mgonjwa.

Nikageukia vitabu vya wasafiri wa Kizungu, na hapa nilikaa muda mrefu kuliko ilivyolazimu, kwa sababu kwa mhasibu ni vitabu vitamu. Burton na Speke walipita Ugogo mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na wote walitembea njia ya misafara iliyotoka pwani, ikavuka nyika isiyo na maji mazuri waliyoiita Marenga Mkali, ikaingia kwetu, na kutokea upande wa magharibi katika pori la Mgunda Mkali kuelekea Unyanyembe, yaani pande za Tabora. Katikati ya nyika hizo mbili ilikuwako Ugogo, yenye visima na nafaka, na watemi wetu walijua vizuri kabisa thamani ya kuwa mahali pale. Hakuna msafara uliopita bila kulipa hongo, yaani ushuru wa njia. Magomba wa Kanyenye anatajwa na Burton na Stanley pia, kila mmoja akilalamika kwa namna yake juu ya madai yake, na Mvumi yetu imo kwenye orodha ya vituo. Nguo za merikani na kaniki zinahesabiwa kwa doti, yaani mikono minane, na kwa shuka, yaani nusu yake. Waya wa shaba na ushanga vinahesabiwa kwa makini hayo hayo. Niliweza karibu kufunga hesabu ya msafara mzima kutoka pwani hadi Tabora. Lakini watu waliobaki njiani hawakuwa na safu yao. Ndui ilipoingia katika msafara, mgonjwa aliyeshindwa kutembea aliachwa, na mwandishi akasema tu kwamba siku ile walipoteza wapagazi kadhaa. Kuhusu wanawake na watoto waliotembea nyuma ya mizigo, wengine wakiwa wake wa wapagazi wa Kinyamwezi na wengine wakiwa mateka waliokuwa wakipelekwa pwani, mara nyingi hata idadi haipo.

Nilirudi kijijini mikono mitupu, na nadhani ningeishia hapo kama nisingekumbuka jambo moja ambalo kazi yangu ilinifundisha mapema: mtu akificha kitu katika maelezo, huwa hakifichi katika hesabu, maana hesabu ina mtu wa pili upande wa pili. Ng'ombe wa mahari wana aliyetoa na aliyepokea. Nikaacha kuuliza habari za mwanamke, nikaanza kuuliza habari za ng'ombe.

Yule mzee aliyesema maneno ya mbuyuni alikuwa na kaka yake mkubwa, kipofu, ambaye watu wa pande zetu walimtegemea kwa kumbukumbu za mahari kama sisi tulivyotegemea madaftari. Nilimwendea asubuhi na kilo mbili za sukari. Nilimwamkia "Mbukwa" kwa adabu zote, nikakaa chini kwenye ngozi, na baada ya habari za mvua na za watoto nikamuuliza kama anakumbuka mahari ya bibi yangu mzaa baba ilikwenda wapi. Uso wake ulichangamka. Alimwita mjukuu wake amletee kokoto. Alizichagua kwa vidole, akizipima, akapanga kumi na mbili mbele yake juu ya udongo, kisha akaanza kuzisogeza moja moja: huyu mtamba aliingia zizi la baba yake, huyu dume alichinjwa siku ile ile, huyu mwenye pembe moja alikwenda kwa baba mdogo na akafa kabla ya kuzaa, jambo lililoleta maneno. Alikuwa akisimulia mambo ya mwaka 1930 au karibu na hapo, wakati yeye mwenyewe alikuwa hajazaliwa, na hakusita hata mara moja. Alipofika kwenye fungu la wajomba alichukua kokoto tatu akaziweka upande wake wa kulia, karibu na goti.

"Hawa walikuja hapa," alisema.

"Hapa wapi, mzee?"

"Hapa. Kwa babu yangu. Katika zizi hilo nje."

Nilimuuliza ni vipi babu yake akapokea fungu la mjomba wa bibi yangu, ilhali wao ni ukoo mwingine na sisi ukoo mwingine. Mkono wake ulisimama juu ya kokoto. Kisha akazikusanya zote kumi na mbili, akazimimina kwenye kiganja cha mjukuu, akaniambia kwa upole kwamba jua limekuwa kali na kwamba mambo mengine ni ya kumuuliza shangazi yangu.

Shangazi sikumuuliza. Nilikwenda kwake wakati wa mavuno, nikakaa naye siku nne nikimsaidia kupepeta uwele, na daftari nililiacha mjini kwa makusudi. Siku ya tatu, jioni, akiwa na ungo mikononi na makapi yakiruka upande wa upepo, alisema bila kunitazama: "Yule mzee kipofu amekwambia nini?" Nikamwambia habari za kokoto tatu. Akapepeta mara mbili tatu, akautua ungo, na akanieleza.

Bibi wa Mbuyuni alifika Ugogo akiwa mtoto wa miaka tisa au kumi, na msafara uliokuwa ukienda pwani. Alikuwa anaumwa. Msafara ulikuwa umetoka Mgunda Mkali bila chakula, na kwetu mwaka ule nafaka ilikuwa ghali. Mwenye kaya mmoja, babu wa wale wazee wawili, aliwapa watu wa msafara kapu la uwele, nao wakamwachia mtoto. Hakujua Kigogo hata neno moja. Miezi ya mwanzo alilala pembeni ya tembe, upande wa ndama, kwa sababu alikataa kulala na watu. Haya yote yeye mwenyewe alimsimulia bibi yangu, naye bibi yangu akamsimulia shangazi, kila mara usiku na kila mara kwa sharti la kutoyasema mbele ya wanaume.

Hapa ndipo penye neno lenyewe. Watu wa ile kaya, pale wanapotukasirikia, husema alinunuliwa. Sisi, pale tunapojitetea, husema aliachwa akiwa mgonjwa akaokotwa. Niliulizwa na binamu zangu nichague, kama mtu aliyesoma, lipi ni kweli. Siwezi kuona tofauti kubwa wanayoiona wao. Watu wenye njaa walikuwa na mtoto asiyeweza kutembea, mtu mwenye nafaka alikuwa na nafasi nyumbani, na kapu likabadilishana na mtoto. Mwenye kapu anaweza kuliita bei na mwingine anaweza kuliita huruma, na inawezekana siku ile yote mawili yalikuwamo. Ninachojua ni kwamba utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, Bibi wa Mbuyuni akiwa hai, na kwamba miaka 95 baadaye neno moja lilitosha kumfanya shangazi yangu ajifunike uso.

Miaka niliipata kwa kubana, kama tunavyobana tarehe ya hati isiyo na tarehe. Alisema kwamba alipofika, watu wa msafara walikuwa bado wanalitaja kwa hofu jina la Mirambo, yule mtemi wa vita wa Unyamwezi; Mirambo alikufa mwaka 1884. Alisema pia kwamba alikuwa amebeba binti yake mgongoni mwaka ng'ombe walipokufa wote, na hiyo ni sotoka ya mwanzoni mwa miaka ya 1890, ambayo wazee wetu waliihesabu kuwa mwisho wa dunia ya kwanza. Kwa hiyo alizaliwa miaka ya 1860 mwishoni au 1870 mwanzoni. Mtu atakayetaka zaidi ya hapo anataka kudanganywa.

Kwao kulikuwa wapi? Binamu mmoja anaapa ni Unyamwezi, mwingine anasema Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kila mmoja kwa ushahidi wa chungu au wa wimbo. Nyumbani tunayo bangili yake moja ya waya wa shaba, imelika hadi imekuwa nyembamba kama bua la ufagio, na kila mgeni wa ukoo huonyeshwa kama cheti. Haithibitishi lolote. Waya ule ulikuwa hongo, ukaingia kwa kila mtemi, na wanawake wa Kigogo wenyewe waliuvaa. Ila najua habari ya bangili nyingine zilizokuwa nayo. Wakati wa Mtunya, njaa ile kubwa iliyofuata vita, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikakataa, binti wa Bibi wa Mbuyuni alikufa na kumwachia mjukuu wa miaka saba hivi, ndiye bibi yangu. Alizitoa bangili moja baada ya nyingine, akibadilisha kwa nafaka ya vibaba, na bibi yangu alikumbuka jinsi mkono ule ulivyopungua sauti. Alipokuwa mdogo alimjua bibi yake akija kwa mlio. Mwisho wa Mtunya alikuwa akishtuka kumwona amesimama karibu.

Basi zile kokoto tatu. Mwenye kaya alipomwoza Bibi wa Mbuyuni alipokea ng'ombe wake. Hilo peke yake si kitu, na nilimwambia hivyo shangazi, kwa sababu hata mwenye mtumwa aliweza kumwoza na kupokea. Shangazi alinijibu kwamba mimi nasoma upande mmoja wa daftari. Mume wa Bibi wa Mbuyuni alipofariki mapema, mwenye kaya alikwenda kumchukua na mtoto wake, akamkatia shamba chini ya mbuyu, ambalo ni hili. Binti yake alipoolewa, kijana wa ile kaya alisimama kama kaka wa mama na kupokea fungu la mjomba. Na yule binti alipofariki wakati wa Mtunya, katika mwaka ambao watu walizikwa bila kitambaa, kijana yule yule alikuja na mbuzi wa msiba, mbuzi wa mwisho zizini kwake, kwa sababu mjomba haji kwenye msiba mikono mitupu. "Mtumwa haletewi mbuzi," alisema shangazi, akauchukua tena ungo wake.

Nilikuwa nimekosea kuanzia swali la kwanza. Nilimtafuta Bibi wa Mbuyuni alikotoka, kwa baba yake, kwa mtemi, kwa kabila, wakati habari yake yote ilikuwa katika mambo ambayo watu walilazimika kumtendea baada ya kufika. Habari hizo hazikuwa kwenye nyaraka kwa sababu hakuna karani aliyeandika mbuzi wa msiba, na hazikuwa kwa wanaume wa ukoo wetu kwa sababu wao walifundishwa kuhesabu baba. Zilikuwa kwa wanawake wawili watatu waliosimuliana usiku, na kwa kipofu wa ukoo wa pili ambaye hangeweza kudanganya kuhusu ng'ombe hata angetaka.

Kikao cha usuluhishi kiliitishwa kijijini mwaka uliofuata. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kurasa sita, yenye miaka na majina ya wasafiri, na sikuyasoma, kwa sababu shangazi aliomba kusema kwanza. Alikuwa na miaka zaidi ya themanini na alisema akiwa ameketi. Alimgeukia yule mzee na kumwita "mjomba." Watu walinyamaza. Alimwambia: "Mjomba, mwaka jana uliuliza wajomba wa bibi yetu wako wapi. Nimekuja kukujibu. Mko hapa. Ng'ombe watatu wa bibi yangu walikunywa maji kwenye kisima chenu, na mbuzi wa msiba wa mama yake alitoka kwenye zizi lenu. Kama sisi hatuna kwetu, basi rudisheni ng'ombe, nasi tutarudisha mbuzi."

Kaka yake kipofu, aliyekuwa ameletwa kwa mkono, alianza kucheka taratibu, cheko la pumzi tu, na mabega yakimtikisika. Yule mzee hakucheka. Alikaa muda mrefu akiitazama fimbo yake, kisha akasema kwamba hakuwahi kusema sisi si watoto wao, alisema tu tuulizwe. Kikao kiliandika hivyo na mgogoro ukafutwa, ingawa mpaka wa upande wa kaskazini ulisogezwa hatua nane kuelekea kwetu, na sisi tulikubali, maana mjomba naye lazima aondoke na kitu.

Mwaka 2021 mpwa wangu aliolewa. Siku hizi mahari nyingi hulipwa kwa fedha, lakini shangazi, ambaye bado alikuwa hai, aligoma mpaka ng'ombe mmoja atengwe kwa ajili ya ile kaya, ingawa kwa hesabu ya vizazi fungu lao lilikwisha kupita zamani. Mtoto wa yule mzee alikuja kumchukua jioni na kamba mkononi. Alimzunguka mara mbili, akamgusa mbavu, akamfungua mdomo kuangalia meno, akageuka na kutuambia kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni kwamba ng'ombe huyu ni mdogo mno, na kwamba wajomba hawaheshimiwi hivi.